Popole Misenga: Mwana wa Bukavu aliyepigana chini ya bendera ya Olimpiki

GISENYI, RUBAVU – Popole Misenga ni mchezaji wa judo mzaliwa wa Bukavu, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Ameshiriki Michezo ya Olimpiki mara mbili, ya Rio de Janeiro mwaka 2016 na ya Tokyo iliyofanyika mwaka 2021, na mara zote mbili hakuiwakilisha nchi yoyote. Alikuwa miongoni mwa wanamichezo 10 walioiunda timu ya kwanza ya wakimbizi katika historia ya michezo hiyo.

Kwa wasikilizaji wetu wa Gisenyi, Bukavu si mji wa mbali. Ni ncha ya pili ya Ziwa Kivu: sisi tuko kaskazini, wao wako kusini, na katikati yapo maji ya takribani kilomita 90 ambayo boti za abiria na za mizigo huyakata kila siku kati ya Goma na Bukavu. Kiswahili kinachosikika katika masoko ya Kadutu na Nyawera hakimpi taabu mfanyabiashara wa Rubavu. Hata hivyo, jina la Misenga linafahamika zaidi Brazil kuliko kando ya ziwa alikozaliwa. Makala hii inakusanya mambo ya msingi kuhusu maisha yake ya michezo, timu aliyoichezea na uzito aliopigania.

Muhtasari

Jina: Popole Misenga.
Kuzaliwa: Februari 25, 1992, Bukavu.
Mchezo: judo, wanaume, uzito usiozidi kilo 90.
Makazi ya uhamishoni: Rio de Janeiro, Brazil, tangu mwaka 2013.
Olimpiki: Rio 2016, hatua ya 16 bora, Tokyo 2020, raundi ya kwanza, pamoja na shindano la timu mchanganyiko.
Medali nyingine: shaba katika ubingwa wa Afrika wa vijana walio chini ya miaka 20, mwaka 2010.

Utoto na vita

Misenga alizaliwa wakati nchi yake ikiitwa Zaire. Alikuwa na umri wa miaka 4 vita vya kwanza vya Kongo vilipozuka mwaka 1996, na miaka 6 vita vya pili vilipoanza mwezi Agosti 1998. Vita hivyo vya pili vilimalizika rasmi mwaka 2003, ingawa watu wa Kivu wanajua kwamba tarehe ya kutia saini mkataba na tarehe ya kunyamaza kwa bunduki si lazima ziwe moja.

Kwa mujibu wa maelezo yaliyotolewa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, Misenga alikuwa na umri wa miaka 9 alipoyakimbia mapigano ya Kisangani. Alitenganishwa na jamaa zake, akatangatanga msituni kwa siku 8 kabla ya kuokotwa na kupelekwa Kinshasa. Mama yake aliuawa katika machafuko hayo. Ndugu zake wa kiume walibaki upande mwingine wa nchi, na hakuonana nao tena kwa miaka mingi.

Kinshasa aliishi katika kituo cha watoto waliopotezana na familia zao. Huko ndiko alikokutana na judo. Mchezo huo uliasisiwa Japani na mwalimu Jigoro Kano, aliyefungua shule yake ya Kodokan jijini Tokyo mwaka 1882. Unafundishwa kwa taratibu zisizobadilika: kuinama kabla na baada ya pambano, kuheshimu mkeka, kumwangusha mwenzako bila kumvunja. Misenga amesema mara kwa mara kwamba mtoto asiye na familia huhitaji mtu wa kumwonyesha la kufanya, na kwamba judo ilimpa utulivu, nidhamu na shabaha ya maisha.

Mwaka 2010 alitwaa medali ya shaba katika ubingwa wa Afrika wa vijana na akaingia katika timu ya taifa ya Kongo. Lakini mafanikio hayo yalikuwa na upande wa giza. Yeye pamoja na mwenzake wa timu, Yolande Mabika, wamesimulia kwamba wachezaji waliorudi bila medali walifungiwa mahali kwa siku kadhaa na kupewa chakula kidogo mno. Kushindwa hakukuhesabiwa kuwa sehemu ya mchezo. Kulihesabiwa kuwa kosa la kuadhibiwa.

Rio 2013: safari isiyo na marejeo

Mwishoni mwa Agosti 2013, mashindano ya ubingwa wa dunia ya judo yalifanyika Rio de Janeiro. Misenga alikuwa na umri wa miaka 21. Mabika, naye mzaliwa wa Bukavu na naye aliyetenganishwa na wazazi wake utotoni kwa sababu ya vita, alikuwa na miaka 25.

Kwa simulizi lao, waliachwa hotelini bila fedha, bila pasipoti na bila chakula cha kutosha, kwa kuwa viongozi wa msafara walishika kila kitu. Mabika alitoka kwanza kwenda kutafuta msaada katika jiji asilolijua, ambako Kireno kilizungumzwa na yeye hakukifahamu. Misenga alimfuata. Waliulizia waliko Waafrika, wakaelekezwa Brás de Pina, mtaa wa kaskazini mwa Rio wenye wahamiaji wengi kutoka Kongo na Angola. Wakaamua kutorudi nyumbani.

Miaka miwili iliyofuata haikuwa ya michezo. Misenga alifanya vibarua, kikiwemo cha kupakia na kupakua mizigo kwenye malori, na kuna nyakati alikosa pa kulala. Mwaka 2014 Brazil iliwapa wote wawili hadhi ya ukimbizi. Hadhi hiyo ni hali ya kisheria inayotokana na Mkataba wa Geneva wa mwaka 1951, na Brazil inayo sheria yake ya wakimbizi tangu mwaka 1997. Inampa mtu haki ya kukaa, kufanya kazi na kuwa na kitambulisho, na inaikataza serikali kumrudisha mahali ambapo maisha yake yatakuwa hatarini.

Shule ya Geraldo Bernardes

Kupitia Caritas, shirika la misaada la Kanisa Katoliki, wachezaji hao wawili walifikishwa kwa kocha Geraldo Bernardes, mwalimu mkongwe aliyewahi kuiongoza timu ya judo ya Brazil katika Olimpiki kadhaa. Alikuwa akifundisha katika Instituto Reação, taasisi iliyoanzishwa na Flávio Canto, mshindi wa medali ya shaba ya Olimpiki ya Athens mwaka 2004, kwa ajili ya watoto wa mitaa maskini ya Rio. Hapo ndipo alipokulia kimichezo Rafaela Silva, binti wa mtaa wa Cidade de Deus, aliyetwaa dhahabu ya uzito wa kilo 57 katika Olimpiki ya 2016.

Bernardes ameeleza kwamba kazi yake ya kwanza haikuwa kuwaongezea mbinu. Wote wawili walikuja wakiwa wagumu mno mazoezini. Walimshika mwenza wa mazoezi kama anavyoshikwa adui, kwa kuwa huko walikotoka kuangushwa kulikuwa na gharama. Ilibidi wafundishwe upya kwamba anayekuangusha leo mazoezini anakusaidia, na kwamba kesho utamwangusha wewe. Wachezaji wengine wa taasisi hiyo iliwabidi nao wawe na subira.

Timu isiyo na taifa

Oktoba 2015, mbele ya Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, Thomas Bach, aliyekuwa rais wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, IOC, alitangaza kwamba wanamichezo wakimbizi wataruhusiwa kushindana Rio. Hadi wakati huo, mwanamichezo aliyeikimbia nchi yake alikuwa amefungwa pande mbili: hakuweza kuwakilisha nchi aliyoikimbia, na hakuweza kuwakilisha nchi iliyompokea kwa kuwa hakuwa raia wake. Kanuni za Olimpiki zilimtambua mtu kupitia kamati ya taifa lake. Asiyekuwa nayo kwa kawaida hakuwa na mlango wa kuingilia.

Mwishoni mwa mwaka 2015, kwa takwimu za UNHCR, watu milioni 65.3 duniani walikuwa wameyakimbia makazi yao. Kamati za Olimpiki za nchi mbalimbali ziliwatambua wanamichezo 43 waliokuwa na uwezo wa kufikiriwa. Juni 3, 2016, majina 10 yalitangazwa.

Watano walikuwa wakimbiaji wa Sudan Kusini waliotoka kambi za Kenya na kufanya mazoezi Ngong, karibu na Nairobi: Rose Nathike Lokonyen, Anjelina Nadai Lohalith, James Nyang Chiengjiek, Yiech Pur Biel na Paulo Amotun Lokoro. Wawili walikuwa waogeleaji wa Syria, Yusra Mardini na Rami Anis. Mmoja alikuwa mkimbiaji wa marathoni wa Ethiopia aliyekuwa akiishi Luxembourg, Yonas Kinde. Wawili waliobaki walikuwa Misenga na Mabika. Mkuu wa msafara alikuwa Tegla Loroupe wa Kenya, mwanamke wa kwanza wa Kiafrika kushinda marathoni ya New York, mwaka 1994.

Kwa hiyo, kati ya watu 10, wanane walitoka Afrika, na saba kati yao walitoka Sudan Kusini na Kongo.

Usiku wa Agosti 5, 2016, katika uwanja wa Maracanã, Lokonyen alibeba bendera ya Olimpiki mbele ya wenzake. Timu ya wakimbizi iliingia ikiwa ya pili kutoka mwisho, ikifuatiwa na wenyeji Brazil, na uwanja mzima ukasimama kuishangilia.

Agosti 10, 2016

Judo katika Olimpiki huchezwa uzito mmoja mmoja kwa siku. Siku ya wanaume wa kilo 90 na wanawake wa kilo 70 ilikuwa Agosti 10.

Mabika alikutana na Linda Bolder wa Israel na akashindwa; pambano lake lilichukua muda mfupi tu.

Misenga alipangiwa Avtar Singh wa India. Wakati huo pambano la wanaume lilikuwa la dakika 5. Ukumbi ulikuwa na Wabrazil wengi waliokwisha kumfanya mtoto wao, na jina lake liliimbwa kutoka majukwaani. Alimshinda Singh na kuingia hatua ya 16 bora.

Huko alimkuta Gwak Dong-han wa Korea Kusini, bingwa wa dunia wa mwaka 2015. Hakuna aliyetarajia kwamba mtu aliyekuwa akipakia malori miaka miwili kabla angesumbua kiumbe wa namna hiyo. Misenga alisimama naye kwa sehemu kubwa ya pambano kabla ya Gwak kulimaliza. Mkorea huyo aliondoka Rio na medali ya shaba. Dhahabu ilikwenda kwa Mashu Baker wa Japani, na fedha kwa Varlam Liparteliani wa Georgia.

Kabla ya michezo hiyo, katika mkutano na waandishi wa habari, Misenga aliulizwa kuhusu familia yake. Alilia. Alisema ana ndugu wawili ambao hajawaona kwa miaka mingi, kiasi kwamba hajui tena sura zao zikoje, na kwamba anashindana ili siku moja aweze kuwalipia nauli waje alipo. Mabika naye alisema alitumaini kwamba jamaa zake, popote walipo, watamwona kwenye televisheni.

Maneno hayo yana uzito wake katika eneo letu. Mwaka 1994 BBC ilianzisha matangazo ya Maziwa Makuu yaliyojulikana kwa jina la Gahuzamiryango, yaani kinachounganisha familia, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kusoma majina ya waliopotezana. Wapo watu wa Gisenyi, Goma na Bukavu waliompata mzazi au mtoto kwa kusikia jina likisomwa redioni. Misenga alifanya jambo lile lile kwa njia nyingine. Alisimama mahali ambapo kamera za dunia nzima zilielekezwa, ili uso wake usomwe kama jina.

Kutoka Rio hadi Tokyo

Baada ya Rio, IOC haikuiacha timu hiyo ife. Septemba 2017 ilianzisha mfuko wa kuwasaidia vijana waliohamishwa na vita kupitia michezo, na Oktoba 2018, katika kikao chake cha Buenos Aires, iliamua kwamba timu ya wakimbizi itashiriki pia Olimpiki ya Tokyo. Wanamichezo walipewa ufadhili wa mazoezi, na Misenga alikuwa mmoja wao. Aliendelea kuishi Rio, ambako alianzisha familia, na kuendelea kufundishwa na Bernardes.

Janga la korona liliisogeza Olimpiki ya Tokyo kwa mwaka mmoja. Ilipofunguliwa Julai 23, 2021, timu ya wakimbizi ilikuwa na wanamichezo 29, na sita kati yao walikuwa wa judo: Sanda Aldass, Muna Dahouk na Ahmad Alikaj kutoka Syria, Javad Mahjoub kutoka Iran, Nigara Shaheen kutoka Afghanistan, na Misenga. Safari hii timu iliingia uwanjani mara tu baada ya Ugiriki, mahali pa heshima.

Miezi miwili kabla yake, Mei 22, 2021, mlima Nyiragongo ulikuwa umelipuka na maelfu ya wakazi wa Goma wakavuka mpaka kuingia Rubavu wakiwa na magodoro vichwani. Waliotazama ufunguzi wa Tokyo wakiwa mjini hapa hawakuhitaji kuelezwa mkimbizi ni nani.

Mapambano ya judo yalifanyika Nippon Budokan, ukumbi uliojengwa kwa ajili ya judo ilipoingizwa kwa mara ya kwanza katika Olimpiki mwaka 1964. Kwa mwanajudo ni kama kuingia hekaluni. Lakini kwa sababu ya korona majukwaa yalikuwa matupu, na zile sauti za Rio hazikuwapo. Julai 28 Misenga alipambana na Krisztián Tóth wa Hungary katika raundi ya kwanza na akashindwa. Tóth alimaliza siku hiyo akiwa na medali ya shaba. Julai 31 Misenga alikuwa tena katika kikosi cha wakimbizi kwenye shindano jipya la timu mchanganyiko za wanawake na wanaume, ambapo waliondolewa na Ujerumani. Ufaransa ndiyo iliyotwaa dhahabu.

Kilo 90: uwanja wa Wageorgia

Ili kupima vema matokeo ya Misenga, inafaa kujua alipigana na watu wa aina gani. Kilo 90 ni uzito uliotawaliwa kwa miaka 20 na nchi moja ndogo ya milima ya Caucasus: Georgia, yenye watu wasiofika milioni 4, chini ya theluthi moja ya wakazi wa Rwanda.

Dhahabu ya kwanza kabisa ya Georgia huru katika Olimpiki ilipatikana katika uzito huo, kwa mkono wa Zurab Zviadauri, Athens mwaka 2004. Irakli Tsirekidze aliitwaa tena Beijing mwaka 2008. Liparteliani alipata fedha Rio. Lasha Bekauri alishinda dhahabu Tokyo akiwa na umri wa miaka 21, na akairudia Paris mwaka 2024.

Siri ya Wageorgia si kubwa. Wana mieleka yao ya jadi iitwayo chidaoba, inayochezwa kwenye sherehe za vijiji kwa ngoma na zumari, na ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2018 kuwa urithi wa utamaduni usioshikika. Mtoto hujifunza kumshika mwenzake mshipi kabla ya kujua kwamba kuna Olimpiki. Kutoka mizizi hiyo wametoka pia mabingwa wa mieleka ya mtindo huru: Levan Tediashvili, aliyetwaa dhahabu mwaka 1972 na 1976 akiiwakilisha Umoja wa Kisovieti, na Geno Petriashvili, bingwa wa dunia mara tatu mfululizo kuanzia 2017 hadi 2019, aliyeshinda dhahabu ya kilo 125 Paris.

Petriashvili na Bekauri walilelewa na kijiji, klabu, shirikisho na serikali inayohesabu mieleka kuwa fahari ya taifa. Misenga aliingia katika uzito wa watu hao akiwa na mkeka wa kituo cha yatima, miaka miwili ya vibarua na mwaka mmoja tu wa maandalizi ya kweli. Ushindi mmoja katika mazingira hayo si jambo dogo. Lakini pia si muujiza, na si vema kuueleza kama muujiza. Unaonyesha kwamba kipaji kilikuwapo Bukavu na Kinshasa tangu mwanzo. Kilichokosekana ni mazingira ya kukikuza bila kukipiga.

Baada ya Tokyo

Mwaka 2022 timu ya wakimbizi pamoja na mfuko wake walitunukiwa Tuzo ya Malkia Mdogo wa Asturias ya michezo nchini Hispania. Paris 2024 ilikuwa na wanamichezo wakimbizi 37, na Misenga hakuwamo tena. Bondia Cindy Ngamba, mzaliwa wa Kamerun anayeishi Uingereza, alitwaa shaba ya kilo 75, medali ya kwanza ya timu hiyo. Mlango alioupitia Ngamba ulifunguliwa na wale 10 wa mwaka 2016.

Mambo yanayochanganywa

Kwanza, Misenga hakuwahi kuiwakilisha Brazil katika Olimpiki. Aliishi na kufanya mazoezi huko, lakini alishindana chini ya bendera ya Olimpiki, na kama angeshinda dhahabu ungepigwa wimbo wa Olimpiki.

Pili, wanamichezo wa timu hiyo hawachaguliwi kwa huruma peke yake. Hutakiwa wawe na hadhi ya ukimbizi iliyothibitishwa, na kiwango cha michezo huzingatiwa.

Tatu, judo si mieleka. Mwanamieleka wa mtindo huru hushika mwili na miguu ya mpinzani. Mwanajudo hushika vazi, yaani judogi, na tangu mwaka 2010 kanuni zimebana sana kushika miguu.

Maneno ya mchezo na neno moja la lugha yetu

Katika judo, ippon ni ushindi kamili unaomaliza pambano papo hapo: kumwangusha mpinzani chali kwa nguvu na kasi, kumbana chini kwa sekunde 20, au kumfanya asalimu amri. Waza-ari ni alama ya karibu na hapo. Yuko, iliyokuwa ikitumika wakati wa Rio, ni alama ndogo zaidi. Shido ni onyo. Maneno haya hatuyatafsiri, kwa kuwa mwamuzi huyatamka kwa Kijapani popote duniani.

Lipo neno jingine linalomsumbua mtafsiri wa habari hizi, nalo ni la kwetu. Kutoka kitenzi kimoja, kukimbia, Kiswahili kimezaa watu wawili: mkimbiaji na mkimbizi. Tofauti yao ni herufi chache tu, na katika habari za timu ya mwaka 2016 ilibidi kila sentensi isomwe mara mbili, maana sita kati ya wale 10 walikuwa yote mawili kwa pamoja. Lugha nyingine humwita mtu huyu kwa mahali anapopata hifadhi. Sisi tunamwita kwa kile alichofanya miguu yake. Jina hilo ni la kweli, lakini lina hatari yake: humwacha mtu akikimbia daima, hata akiwa amekwisha kufika, ana nyumba, ana kazi na ana watoto wanaokwenda shule.

Misenga si mkimbiaji. Mchezo wake ni wa kusimama, kushika na kutoyumba. Katika kumbukumbu za Olimpiki za Agosti 10, 2016, raundi ya kwanza ya kilo 90, jina lake limeandikwa upande wa mshindi. Mahali ambapo wengine wana nchi, yeye ana herufi tatu za timu yake: ROT. Mji alikozaliwa hautajwi hapo. Ni Bukavu, ng'ambo ya ziwa.